Hoja Iliyomo katika Istilahi: Mlinganyo wa Shamba la Mpunga, Kyela

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania. Sekondari hutumia Kiingereza. Makala haya yanadai kwamba istilahi ya Kiswahili hubeba hoja ya kihisabati ambayo mwanafunzi hana budi kuvuka nayo.

Chukulia shamba la mpunga lenye umbo la mstatili wilayani Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Mzingo wake ni mita 140. Urefu unazidi upana kwa mita 10. Tafuta eneo na ulalo.

Upana uwe u. Urefu ni u + 10.
(i) Nusu ya mzingo: u + (u + 10) = 70
(ii) 2u + 10 = 70
(iii) 2u = 60
(iv) u = 30; urefu ni 40
(v) Eneo: 30 × 40 = mita za mraba 1,200
(vi) Ulalo: 30² + 40² = 2,500; kipeuo chake cha pili ni 50, yaani mita 50

Katika hatua ya (iii) husemwa mara nyingi kuwa 10 “imehamishwa”. Kauli hiyo huficha sababu. Mlinganyo hutokana na kulinganya: pande mbili ni sawa, hivyo kinachotolewa huku hutolewa na kule. Mwanafunzi aliyekariri “kuhamisha” huvuka na kanuni tupu. Aliyeelewa mlinganyo huvuka na hoja, lugha iwayo yote.