Vipepeo wa Makutupora: Vidokezo kwa Mwenye Simu na Subira

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka. Inaanza Desemba, inakata Aprili. Kwa mpenda vipepeo, wiki zinazofuata ndizo za neema: majani bado mabichi, maua ya porini yamejaa kando ya njia, na viwavi walioshiba msimu mzima wamekwisha kuota mbawa. Ukingoja hadi Julai utakuta nyasi zimekauka na upepo unavuma kutwa. Makutupora, kaskazini mwa jiji kwenye barabara ya Kondoa, ina nafuu yake kwa sababu ya maji ya visima na mashamba ya zabibu. Chaji simu, twende.

1. Tafuta mmea kwanza, kipepeo baadaye

Anayekimbiza vipepeo hurudi na picha za majani. Kila aina ina mimea yake michache ya kutagia, na jike huirudia hiyohiyo. Kama una mlimau au mchungwa uani, unaye Papilio demodocus: mkubwa, mweusi, mwenye madoa ya manjano iliyopauka na doa jekundu kwenye kila ubawa wa nyuma. Hutaga yai mojamoja kwenye majani machanga. Kiwavi wake mchanga utadhani ni kinyesi cha ndege, na ndiyo salama yake. Akikua hugeuka kijani, na ukimbughudhi anachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Mpige picha akiwa amezichomoa. Ni kitu cha kuonyesha watu.

Hapa nina ombi. Usikimbilie bomba la dawa. Mlimau mkubwa haufi kwa viwavi watano. Mche mdogo wa kitaluni ni habari nyingine, huo ulinde.

Wengine wa kutafuta kwa mmea: Catopsilia florella, mweupe mwenye ukijani au umanjano kidogo, hutagia mimea ya jamii ya mjohoro. Yule mdogo wa buluu mwenye vimkia vyembamba, Lampides boeticus, yuko kwenye maua ya kunde. Mtazame vizuri: karibu na vimkia ana madoa yanayofanana na macho, ndege akadhani ndiko kichwa kiliko, akadonoa upande usio na madhara.

2. Wa kwenye mzabibu si kipepeo

Kiwavi mnene mwenye mwiba mkiani, anayekula majani ya mizabibu, mara nyingi ni mtoto wa nondo aitwaye Hippotion celerio. Mkulima ana haki ya kumchukia, na Makutupora, penye kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI, hakuna atakayekulaumu kwa hilo. Ukiwa na shaka kwa aliyekwisha kuota mbawa, angalia vipapasio: vya kipepeo huishia na kijirungu, vya nondo huwa vyembamba hadi mwisho au vina manyoya.

3. Amka mapema, lakini si mno

Kipepeo hawezi kuruka vizuri akiwa na baridi, na asubuhi za Mei katika uwanda huu zina baridi ya kweli. Kati ya saa mbili na saa tatu na nusu asubuhi hufungua mbawa kuota jua na kutulia. Ndiyo nafasi yako. Ikifika saa sita wana kasi, mwanga ni mkali, na picha zinatoka zimeungua.

4. Simu inatosha

Futa kioo cha kamera kwanza. Vumbi la Dodoma halisamehi. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Njoo chini chini, polepole, kivuli chako kikiwa nyuma yako, maana kivuli kikimpita tu amekwenda. Gusa kioo pale alipo, kisha piga picha nyingi kwa mfululizo. Akiwa amefungua mbawa, shika simu iwe sambamba nazo, la sivyo ubawa mmoja utaonekana na mwingine utafifia. Halafu ngoja azikunje upige na upande wa chini, kwa sababu aina nyingi hutambulika huko. Usimshike kwa vidole: ule unga unaobaki mkononi ni magamba yake, na hayaoti tena.

5. Nenda kwenye tope

Watu hudhani vipepeo ni wa maua tu. Nenda penye bomba linalovuja, au ng'ombe wanapokunywa na kukojoa. Madume hushuka hapo kufyonza chumvi, hasa weupe wenye mishipa ya kahawia, Belenois aurota, ambao miaka mingine hupita kwa maelfu wakielekea upande mmoja. Wakiwa topeni hujisahau. Aina za Charaxes hazina habari na maua kabisa. Tundika ndizi iliyooza kivulini uone.

6. Mjue mwigaji

Danaus chrysippus, wa rangi ya chungwa, huruka taratibu kwa sababu ana sumu aliyoipata utotoni kwenye mimea yenye utomvu mweupe. Ndege wanamjua. Jike la Hypolimnas misippus, lisilo na sumu hiyo, limevaa sura hiyohiyo. Tazama ubawa wa nyuma: Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati, mwigaji ana moja ukingoni juu. Dume la mwigaji halifanani naye hata kidogo: ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yanayong'aa zambarau.

7. Peleka picha mahali, na uchunge unapoelekeza kamera

Programu ya iNaturalist ni ya bure: unaweka picha, tarehe na mahali, wajuzi wanakusaidia jina. Lakini Makutupora ina kambi ya JKT na eneo la visima vya maji ya jiji. Sehemu za jeshi hazipigwi picha bila ruhusa, na hakuna mlinzi atakayeamini kwamba ulikuwa unamlenga mdudu. Kipepeo akivuka uzio huo, mwache aende zake.