Dondoo muhimu: Matumbawe ya tangini na miale ya urujuanimno

Matumbawe hayahitaji miale ya urujuanimno ili yastawi. Mwani mdogo sana unaoishi ndani ya tishu zake huyalisha kwa usanisinuru, ukitumia mwanga wa nanomita 400 hadi 700. Urujuanimno uko chini ya 400.

• Taa ichaguliwe kwa wingi wa mwanga wa buluu, takriban nanomita 420 hadi 480. Mwanga huo pia hung'arisha rangi za matumbawe.

• Taa ya metali halidi isiwashwe bila kioo cha kuzuia urujuanimno. Miale hiyo huunguza tishu na kudhuru macho ya mfugaji.

• Taa mpya ianze na mwanga hafifu, uongezwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

• Tumbawe linalopauka kwa mwanga mkali lishushwe chini zaidi tangini.