Kumlisha mgonjwa kwa mpira nyumbani

HUENDA una mgonjwa ambaye kiharusi kimemwacha asiweze kumeza. Hospitali imemruhusu arudi nyumbani akiwa na mpira mwembamba uliopitishwa puani hadi tumboni, nawe umeachiwa kazi ya kumlisha. Kazi hiyo utaiweza, lakini ina hatari moja kubwa: chakula kikiingia mapafuni, mgonjwa anaweza kupata nimonia na kufa.

Kwa hivyo, kabla ya kila mlo, hakikisha mpira uko mahali pake. Tazama alama iliyowekwa karibu na pua. Ikiwa imesogea au plasta imelegea, usilishe. Kisha vuta maji kidogo ya tumboni kwa sirinji na kuyapima kwa karatasi ya asidi, kama utakavyofunzwa hospitalini. Kipimo cha 5.5 au chini yake huonyesha mpira uko tumboni. Kikizidi hapo, ngoja na uulize hospitali. Wengi hupuliza hewa na kusikiliza tumbo. Usitegemee njia hiyo, kwani hudanganya.

Usimlishe akiwa amelala chali. Mwinue kwa mito, kichwa na kifua vikiwa juu, na umwache hivyo kwa muda wa saa moja baada ya kula.

Nawa mikono kwa sabuni. Tumia chakula ulichoelezwa na mtaalamu wa lishe. Uji mzito huziba mpira. Kiwe vuguvugu, na usikisukume kwa nguvu. Inua sirinji kiteremke chenyewe kwa dakika 20 hadi 30. Pitisha maji safi, kama mililita 30 kwa mtu mzima, kabla na baada ya chakula au dawa.

Dawa usizichanganye na chakula. Muulize daktari kwanza, maana kuna tembe zisizofaa kusagwa.

Hata kama hali kwa mdomo, msafishe kinywa angalau mara mbili kwa siku ili asikaukwe wala kuumwa. Wala usimwonjeshe chai, hata kijiko kimoja, bila idhini ya daktari.

Akianza kukohoa, kuhema au kubadilika rangi, acha kulisha mara moja na umkimbize hospitalini.

Na mpira ukitoka? Binti mmoja aliniambia kuwa aliurudisha mwenyewe usiku kwa kuwa alimhurumia babake kwa njaa. Kufikia alfajiri mzee alikuwa akipumua kwa shida. Tafadhali usijaribu. Mpeleke hospitalini, hasa mapema ikiwa ana kisukari. Mwenye mpira uliopitishwa kwenye tundu la tumbo apelekwe saa hiyo hiyo, kwani tundu huweza kuziba kwa saa chache.

Ni afadhali mgonjwa akose mlo mmoja mkiwa njiani kwenda hospitalini kuliko kumlisha huku una shaka.