DARASA LA KOMPYUTA: Picha za Skrini na Mahali pa Kuzihifadhi

Ukurasa huu umepokea barua kutoka kwa kijana wetu mzaliwa wa Wete, Pemba, ambaye hivi sasa anaendesha duka la steshenari huko Iyula, wilayani Mbozi, katika mkoa wa Songwe. Kwa faida ya wasomaji wasioufahamu upande ule, Songwe ni mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Makao yake makuu yako Vwawa, na mji wake mashuhuri ni Tunduma, mpakani na Zambia. Mbozi ni nchi ya kahawa. Wakulima wa huko, kama walivyo wavuvi na wakulima wa karafuu wa huku kwetu, siku hizi hutakiwa kuombea vyeti, mikopo ya masomo ya watoto wao na malipo ya Serikali kwa njia ya kompyuta, na asiyekuwa nayo hukimbilia kwa mwenye duka.

Anaeleza mwandishi wa barua kwamba mzee mmoja alifika dukani akiitaka kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo mitaani huitwa kontroli namba, aliyokuwa amepatiwa hapo hapo siku chache kabla. Namba hiyo ina tarakimu 12 na ina muda wake wa mwisho. Kijana aliipiga picha ya skrini siku ile, lakini hakuwa na hakika picha imekwenda wapi. Katika kuitafuta, akawa anafungua picha moja baada ya nyengine mbele ya wateja waliojaa, na miongoni mwa zilizofunguka ikawamo ya bibi mmoja wa kijiji kile kile, ikionesha namba yake ya kitambulisho na ya akaunti yake ya benki. Bibi mwenyewe alikuwepo, amesimama kwenye foleni. Kijana anauliza: afanye nini ili jambo hili lisirudiwe?

Ndugu msomaji, picha ya skrini ni nakala ya kile kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta kwa wakati ule. Kitufe chake huandikwa Print Screen, au PrtSc kwa kifupi, na maana ya jina hilo ni kuchapa skrini. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ndivyo ilivyokuwa hasa: ukikibonyeza pamoja na Shift, maandishi ya kwenye kioo yalikwenda moja kwa moja kwenye printa, na karatasi ukaishika mkononi. Leo picha hubakia ndani ya mashine, na hapo ndipo penye tatizo, kwani anayepiga aghalabu haoni ilikokwenda.

Katika kompyuta zenye Windows, ukibonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na PrtSc, picha huhifadhiwa katika folda ya Pictures, ndani yake folda ya Screenshots, nayo hupewa jina lenye nambari tu: ya kwanza, ya pili, ya mia tatu. Kuihamisha folda hiyo si kazi ngumu. Kwanza tengeneza folda mpya mahali unapopajua, kisha ibofye folda ya Screenshots kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Properties, halafu Location, halafu Move, na uioneshe mashine folda yako mpya. Itakuuliza iwapo picha za zamani nazo zihamishwe, kubali. Tahadhari moja: usiielekeze kwenye flashi, kwa kuwa siku utakayoichomoa mashine itakosa pa kuhifadhi. Wenye kompyuta za Apple hubonyeza Shift, Command na 5 kwa pamoja, na mahali pa kuhifadhi huchaguliwa pale palipoandikwa Options.

Kuhusu jina, mazoea mazuri ni kulibadilisha mara tu baada ya kupiga, kwa kubonyeza F2, na kuanza na mwaka, mwezi na siku, ili mashine yenyewe izipange kwa tarehe. Baada ya tarehe andika aina ya shughuli na nambari ya risiti ya dukani. Jina kamili la mteja lisiandikwe.

Sasa tuje kwenye siri za watu, jambo ambalo mwandishi wetu hakuliuliza kwa ukamilifu. Katika Windows 11, programu ya Snipping Tool huweza kuhifadhi yenyewe picha ya asili kabla hujaikata wala kuifuta kitu. Wewe ukaifunika namba ya akaunti kwa rangi nyeusi, ukadhani umemaliza, kumbe ile isiyofunikwa imo foldani. Nenda kwenye mipangilio ya programu hiyo uzime uhifadhi wa moja kwa moja. Mwezi Machi 2023 iligundulika pia kwamba picha iliyokatwa na kuhifadhiwa juu ya faili lile lile ilibakiza ndani yake sehemu iliyoondolewa. Microsoft waliirekebisha kasoro hiyo mwezi huo huo, lakini mashine isiyosasishwa tangu hapo bado inayo.

Angalia vile vile OneDrive. Ikiwa imeruhusiwa kuhifadhi picha za skrini, kila picha ya mteja hupelekwa kwenye akaunti ya mwenye duka kupitia intaneti, na bando analilipia yeye. Ruhusa hiyo huondolewa katika mipangilio ya OneDrive. Kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V: endapo kumbukumbu ya vilivyonakiliwa imewashwa, utaona hadi vitu 25 vya mwisho, zikiwemo picha, na mteja anayefuata kukaa kwenye kiti naye ataviona. Katika mashine ya umma huzimwa. Ikiwa dukani wapo wafanyakazi wawili, kila mmoja awe na akaunti yake ya kuingilia, kwani kila akaunti huwa na folda yake.

Picha ya namba ya malipo ibakie katika mtindo wa PNG, ambao hauharibu maandishi. JPG huyafifisha, na 3 ikaja kusomwa 8. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, itume kama faili la waraka.

Ama zile picha za zamani zilizomo mashineni, mwandishi wetu awape wenyewe wanaozihitaji, na zilizobaki azifute kwa Shift na Delete ili zisipitie kwenye pipa la taka. Zilizokwishafika OneDrive zina pipa lao huko huko, ambamo hukaa siku 30, nalo inambidi alimwage kwa mkono wake.