Ramani ya Sauti katika Ubongo wa Kima

Mgonjwa anayetibiwa kwa dawa zenye sumu kwa sikio, kama vile kanamaisini, kwa kawaida hupoteza kwanza sauti nyembamba. Ili kuelewa sababu yake, hatuna budi kutazama jinsi sauti inavyopangwa mwilini.

Mrija wa sikio la ndani umejiviringa kama konokono. Tako lake huitikia sauti nyembamba, na ncha yake sauti nzito. Dawa hizo huanza kuharibu chembe za takoni. Mpangilio huo hauishii sikioni: neva huupeleka, kituo baada ya kituo, hadi gamba la ubongo linalohusika na kusikia, lililofichika ndani ya mkunjo upande wa panja.

Mwaka 1973, Merzenich na Brugge waliichora ramani hiyo katika kima aina ya makaku kwa kutumia elektrodi. Njia hiyo ni makini, lakini kila elektrodi hupima sehemu ndogo mno. Mwaka 2006, Petkov na wenzake mjini Tübingen, Ujerumani, walitumia picha za MRI kutazama eneo lote kwa pamoja. Chembe za neva zinapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka mahali hapo, na tabia ya kisumaku ya damu hubadilika; badiliko hilo ndilo linalopigwa picha. Kwa kuwa mashine yenyewe ina kelele, watafiti huweza kusikilizisha sauti wakati mashine imenyamaza, kisha wakapiga picha baadaye, maana mwitikio wa damu huchelewa kwa sekunde kadhaa.

Katika uga wa kwanza wa kusikia, masafa ya chini hukaa mbele na ya juu nyuma. Katika uga unaofuata mbele yake, mpangilio hugeuka, kana kwamba mmoja ni kivuli cha mwingine kiooni. Pale ramani inapogeuka ndipo penye mpaka. Kwa njia hiyo nyuga 11 zilibainishwa.

Ramani hii haikuchongwa katika jiwe. Katika makaku waliopoteza sauti nyembamba, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikizipokea ilianza kuitikia masafa ya chini zaidi. Kwa hiyo tusingoje mgonjwa alalamike: tumpime masafa ya juu kabla ya dawa na wakati wa matibabu. Chembe za sikio zikishakufa, hazioti tena.