Dondoo muhimu: Kubadilisha redio ya gari la Japani

Redio nyingi za magari ya Japani huishia FM 90 au 95, ilhali vituo vyetu hufika 108. Kabla ya kugusa waya wowote, chomoa terminali hasi ya betri.

Usikubali kabisa fundi akate soketi ya gari! Nunua waya za kuunganishia zenye soketi inayoingia kwenye ile ya gari lako. Ukitaka kurudisha redio ya awali, utachomeka tu. Kwa kawaida waya wa njano wa redio mpya hupokea umeme muda wote, mwekundu umeme wa swichi, mweusi ni ethi. Ukigeuza njano na mwekundu, redio itasahau vituo kila ukizima gari.

Toyota nyingi zina nafasi ya redio yenye upana wa milimita 200. Pima kwanza kabla ya kununua redio mpya.