Mpoze Mchezaji Kabla ya Kumkimbiza Hospitali

Mzazi, ikiwa mwanao yumo katika timu ya shule au chuo, jua kuwa michezo ya muhula wa kwanza huangukia wakati wa kaskazi, ambapo joto la mchana Mombasa hupita nyuzi 30. Kwa kuwa hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi na mwili hushindwa kupoa.

Ukimwona mchezaji anapepesuka, anajibu ovyo au ameanguka, usidhani ni njaa tu. Huenda joto la mwili wake limepita nyuzi 40, na ubongo, moyo na figo zimo hatarini.

Mtoe juani, mvue jezi na viatu, mmwagie maji mwili mzima bila kukoma huku mwingine akimpepea. Akiwa amezirai, usimnyweshe kitu. Gari liitwe papo hapo, lakini upozaji usingoje: kutoka Likoni mwaweza kukawia kwenye feri, na kutoka Kisauni au Changamwe kwenye msongamano.

Kabla ya msimu kuanza, muulize mwalimu wa michezo mambo mawili: mazoezi ni saa ngapi, na maji yatawekwa wapi? Saa kumi na moja jioni ni afadhali kuliko saa nane mchana.